Landrova ya zamani kwa sura nne: ulinganisho kwa anayenunua gari la matope Uganda

Mwenye kampuni ya utalii Fort Portal, padri wa parokia ya mlimani, mnunuzi wa kahawa Kasese: wote wakianza kutafuta gari la kazi ngumu huishia kwenye swali moja. Kwa nini wasiitengeneze tena ile Landrova ya zamani? Wamejaribu, tena zaidi ya mara moja, na kila aliyejaribu alifufua kipande chake. Kampuni yenyewe ilifufua jina. Tajiri mmoja wa Uingereza alifufua umbo na chesisi. Toyota walirudisha kwao Japani gari ambalo huku kwetu halikuwahi kuondoka. Na mafundi wa gereji, kuanzia Uingereza mpaka Ndeeba ya Kampala, wanazifufua zile zile za zamani, chuma kwa chuma.

Kwa hiyo mezani kuna magari manne: Defender mpya (Defender ndilo jina la baadaye la Landrova ile), Ineos Grenadier, Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, na Defender ya zamani iliyoundwa upya. Mwendo wa lami siupimi hapa, wala ulaini wa viti. Napima jambo moja kwanza: gari likizima Katunguru kuelekea Ishasha mwezi wa Novemba, nani aliye karibu anaweza kuliwasha, na ana zana gani mkononi. Mengine yote yanafuata baadaye.

Kwa nini ile ya zamani haiwezi kurudi kama ilivyokuwa

Landrova ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Jina Defender lilikuja mwaka 1990, na ya mwisho ilitoka kiwandani Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari zaidi ya milioni mbili. Wanunuzi walikuwa bado wapo. Kilichoikaba ni sheria za Ulaya za moshi na za usalama wa abiria, pamoja na gharama ya kuunda gari ambalo sehemu kubwa yake bado ilifungwa kwa mikono. Mpaka siku ya mwisho, Defender ile haikuwahi kuwa na mfuko wa hewa wa kumkinga dereva.

Anayetaka kuifufua na kuiuza Ulaya, basi, analazimika kuitia vitu vile vile ambavyo mteja wa Kaabong anavikimbia: sensa, kichujio cha moshi, maji ya urea ya kusafishia moshi, kompyuta. Anayekwepa hivyo vyote lazima auze kwingine. Gari lililofufuliwa kwa ajili ya Ulaya huja na sheria za Ulaya ndani ya bomba la moshi, hata likija na bampa la chuma na tairi la akiba mlangoni. Likumbuke hili unapotazama picha.

Land Cruiser 70: sura moja, magari matatu

Naanza na huyu kwa sababu ndiye wengi watakayemnunua, na ndiye anayewachanganya watu kuliko wote.

Mfululizo wa 70 ulianza Novemba 1984. Japani waliacha kuuuza mwaka 2004, wakaurudisha 2014 kuadhimisha miaka 30 kwa muda wa mwaka mmoja hivi, kisha wakaurudisha tena Novemba 2023. Afrika haukukatika. Pikapu za 79 huunganishwa Mombasa, na zile ndefu za 78 ndizo ambulensi na magari ya mashirika ya misaada unayoyaona kutoka Arua mpaka Moroto. Kampuni za utalii huzirefusha chesisi na kuweka paa la kuinuka, abiria wasimame kutazama simba wanaopanda miti kule Ishasha.

Mtego uko hapa. Ukifungua tovuti za magari ya Japani ukaona Land Cruiser 70 ya mwaka 2015, safi, kilomita chache, usukani kulia kama wetu, utasema umepata ile ya mashirika. Siyo. Zile za ukumbusho za 2014 na 2015 zina injini ya petroli, V6 ya lita 4.0. Ni injini nzuri na ngumu, lakini inakunywa, na petroli ya kuaminika ukishaipita Kotido si kitu cha kukipigia hesabu. Zile za kuanzia Novemba 2023 zina dizeli ya lita 2.8 yenye turbo, nguvu za farasi 204, na giaboksi ya otomatiki ya hatua sita. Japani zilianza kuuzwa kwa yeni milioni 4.8. Ya mashirika ni nyingine kabisa: injini ya 1HZ, dizeli ya lita 4.2, silinda sita kwenye mstari, haina turbo, gia za mkono hatua tano.

1HZ ina nguvu za farasi 130 hivi. Kwa gari lenye uzito wa tani mbili na ushee kabla hujapakia kitu, hizo ni kidogo. Ukipanda nayo kutoka Kabale kwenda Kisoro ikiwa imejaa, utapitwa na Noah, na dereva wa Noah atakupungia mkono. Kelele ni nyingi, vumbi linaingia kwenye milango, na zile za zamani hazina mifuko ya hewa wala breki za ABS. Hayo ni makosa ya kweli, hasa kwa anayebeba watoto au wagonjwa, na sipendi watu wanaoyaita uanaume wa gari.

Ila tazama linapozima. Tuseme dizeli iliisha kabla ya Bwera, dereva akamimina ya kwenye jerikani, na sasa mabomba yamejaa hewa. Juu ya filta ya dizeli kuna pampu ndogo ya kubonyeza kwa kiganja. Dereva anabonyeza mpaka inakuwa ngumu. Fundi, kijana wa pale pale stendi, analegeza nati za mabomba yanayoingia kwenye nozeli.

"Mzee, piga staata. Simama. Piga tena."

Linatoka povu, kisha matone yaliyochanganyika na hewa, kisha dizeli safi inaruka. Anakaza nati moja, anahamia ya pili. Injini inakohoa, inashika kwa silinda tatu, halafu zote. Spana moja na kitambaa. Pampu kubwa ya dizeli inaendeshwa na gia za injini yenyewe, haingoji kompyuta iamue, na hakuna taa ya njano inayobaki inawaka ikidai urudi Kampala.

Nyuma imekalia springi za mabamba, zile ndefu zinazopangwa moja juu ya nyingine. Bamba likikatika, wahunzi wa Katwe ya Kampala wanalo lingine, na kama uko mbali linafungwa kwa waya na kipande cha chuma mpaka ufike. Sisemi ni salama. Nasema utafika.

Ile ya lita 2.8 iko katikati. Ina kichujio cha moshi na mambo yake, na Australia wenye Hilux, Prado na Fortuner za familia hiyo ya injini waliifungulia Toyota kesi kubwa kwa ajili ya kichujio hicho hicho. Lakini familia hiyo ya injini imejaa kwenye Hilux. Maana yake ni kwamba mashine ya kusoma kompyuta yake ipo Mbarara, ipo Gulu, na mafundi wameshaifungua mara nyingi. Kwa anayetembea nusu lami nusu vumbi, na anayetaka otomatiki, si uamuzi mbaya. Hakikisha tu kwa maandishi kwamba unayouziwa imetengenezwa kwa soko la nchi gani, kwa sababu vifaa vya kuchuja moshi hutofautiana soko kwa soko.

Ubaya wake mkubwa ni bei ya zilizotumika. Land Cruiser ya dizeli ya 1HZ haishuki thamani kama gari la kawaida, kwa hiyo mnunuzi wa pili na wa tatu bado anatoa hela nyingi kwa gari lililochoka. Ila siku ya kuuza wewe ndiye utakayefurahia.

Grenadier: mrithi aliyekuja bila ruhusa ya familia

Hadithi yake inasimuliwa sana, na ni ya kweli: Jim Ratcliffe, mwenye kampuni ya kemikali ya Ineos, alitaka kununua mitambo na haki za kuendelea kuunda Defender ya zamani. Jaguar Land Rover, wenye chapa hiyo, wakakataa. Mwaka 2017 akaamua kuunda lake, wazo likiwa limezaliwa kwenye baa ya London iitwayo The Grenadier, ndiyo maana ya jina. Jaguar Land Rover walijaribu kulilinda umbo la ile ya zamani kama alama yao ya biashara, na mwaka 2020 Mahakama Kuu ya Uingereza ikawakatalia. Kiwanda kilikusudiwa kujengwa Wales, mwishowe akanunua cha Hambach, Ufaransa, kilichokuwa kinatengeneza magari madogo ya Smart. Uzalishaji ulianza Oktoba 2022.

Ukilala chini yake kwenye mkeka utalipenda. Chesisi ya ngazi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, tena nzito, ekseli zisizogawanyika mbele na nyuma, zilizotengenezwa na Carraro wa Italia ambao wamezoea matrekta, springi za koili, na difu loki (za kulazimisha magurudumu yazunguke pamoja) mpaka tatu ukilipia. Linavuta tani 3.5 na linaingia maji ya sentimita 80. Ndani, swichi ni za kubonyeza kwa kidole chenye glavu, nyingine ziko juu kama za rubani, na unaweza kuagiza sakafu ya mpira yenye matundu ya kutolea maji. Nyaya za kuongezea taa na winchi zimeshapitishwa kiwandani. Aliyelichora aliwahi kukwama matopeni, na inaonekana.

Sasa fungua boneti. Injini ni za BMW, lita 3.0, silinda sita: ya petroli nguvu za farasi 285, ya dizeli 249. Giaboksi ni ya ZF, otomatiki ya hatua nane, ya mkono haipo. Ni vifaa bora kabisa, na BMW wa Kampala si wachache, kwa hiyo fundi wa injini hiyo yupo. Yupo Kampala. Kutoka Kaabong mpaka kwake ni safari ya lori la kuvuta.

Halafu kuna dizeli yenyewe. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu salfa ya miligramu 50 kwa kilo tangu 2015, hatua kubwa ukilinganisha na zamani. Dizeli ya Ulaya, ambayo mifumo hii ya kisasa ya kusafisha moshi ilibuniwa kuitumia, ina mwisho wa miligramu 10. Na hapo tunazungumzia dizeli ya kituo kinachojulikana. Ile ya jerikani ya pembeni ya barabara, iliyovuka mpaka ikarudi, hakuna anayejua ina nini. Injini ya 1HZ itatoa moshi mweusi na kuendelea. Mfumo wa kisasa utaziba kichujio, utawasha taa, na mwisho utapunguza nguvu ya gari kwa makusudi. Ndiyo maana kwa Uganda, mtu aking'ang'ania Grenadier, namwambia achukue ya petroli na tenki za akiba, akijua kwamba mafuta yatamkondesha.

Jambo la mwisho ni kampuni. Ineos ni wageni kwenye magari, na gari lao ni hili moja, la bodi iliyofungwa na la pikapu iitwayo Quartermaster. Septemba 2024 kiwanda kilisimama kwa sababu mtengeneza viti wao alifilisika, kikarudi kazini mwanzoni mwa 2025. Kiti tu kiliwasimamisha. Anayenunua gari la kukaa nalo miaka 20 ana haki ya kuuliza kioo cha mbele kitatoka wapi mwaka wa 15.

Defender mpya: haraka haraka

Ilizinduliwa Frankfurt Septemba 2019 na inatengenezwa Nitra, Slovakia. Haina chesisi ya ngazi. Bodi yake ni ya alumini, kipande kimoja, na kila gurudumu lina mkono wake, linapanda na kushuka peke yake. Waliolia kwa kusikia hivyo watazame namba: inaingia maji ya sentimita 90, wakati ile ya zamani kitabu chake kilisema 50. Barabarani inatulia, inavuta tani 3.5, na kwa abiria ndilo gari salama kuliko yote manne.

Lakini ni gari la mtu mwenye gereji rasmi karibu na subira ya kusubiri spea kwa ndege. Springi za hewa zikiporomoka Kidepo, hakuna muhunzi wa kukusaidia. Kwa balozi, kwa mkurugenzi, kwa familia ya Kololo inayokwenda Murchison mara chache kwa mwaka, sawa kabisa. Kwa magunia ya kahawa, hapana, na sidhani hata wenyewe waliliunda kwa ajili hiyo.

Ya zamani iliyoundwa upya: ndoto yenye bili

Hii ndiyo inayopendwa na moyo, kwa hiyo ndiyo inayohitaji kichwa zaidi.

Anza na sheria. Tangu 2018 Uganda hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa miaka 15 au zaidi kuanzia mwaka lilipotengenezwa. Maana yake ni kwamba Defender unazoweza kuagiza kutoka Uingereza ni za miaka ya mwisho tu, na hata ile ya mwisho kabisa ya Januari 2016 mlango wake unafungwa 2031. Na hizo za 2012 hadi 2016 zina injini ya Ford ya lita 2.2 yenye kichujio cha moshi, iliyowekwa ili zipite sheria zile zile za Ulaya. Kwa hiyo inayoruhusiwa kuingia siyo ile unayoiota. Unayoiota, yenye injini ya 300Tdi, lazima uitafute humu humu ndani: kwenye minada ya serikali, kwenye misheni, kwenye uwanja wa shirika lililofunga mradi, au nyuma ya nyumba ya mzee fulani aliyekataa kuiuza kwa chuma chakavu.

Ukiipata usiangalie rangi. Chukua nyundo ndogo, lala chini, uanze nyuma kabisa, kwenye boriti inayoshika ndoano ya kuvutia. Gonga ukielekea mbele. Chuma kizima kinalia. Chuma kilichooza kinatoa sauti nzito ya bati lililolowa, na mara nyingine nyundo inaingia. Gonga zaidi pale springi za nyuma zinapokalia na kwenye mikono ya pembeni inayoshika bodi. Kisha inua kapeti uangalie alumini inapogusana na chuma: ukiona unga mweupe, bodi inaliwa kimya kimya. Magari yaliyoishi Uingereza yalikula chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi. Ya kwetu hayana tatizo hilo, isipokuwa yaliyobeba chumvi ya Ziwa Katwe, na hayo utayajua kwa mashimo.

Injini ya 300Tdi ni dizeli ya lita 2.5, silinda nne, turbo, nguvu za farasi 111. Pampu yake ni ya chuma, na ikishawaka inahitaji waya mmoja tu wa umeme kuendelea kuwaka. Iko katika ukoo mmoja na 1HZ kwa tabia, lakini si kwa uvumilivu. Kama 1HZ, ina mkanda wa taimingi ambao lazima ubadilishwe kwa wakati, lakini hii ikichemka mara moja vizuri gasketi ya silinda hedi inakwenda. Muulize muuzaji mkanda ulibadilishwa lini. Akisema "bado mzima," hesabu mkanda mpya kwenye bei. Td5 iliyoifuata, ya silinda tano, ni nzuri zaidi barabarani lakini ina kompyuta, na ina kaugonjwa ka ajabu ka oili kupanda ndani ya nyaya mpaka kwenye kompyuta yenyewe.

Uzuri wa kuiunda upya ni kwamba karibu kila kipande bado kinatengenezwa na mtu fulani. Hata chesisi nzima mpya, iliyochovywa kwenye zinki isishike kutu, unaweza kuiagiza kutoka Uingereza. Gari lote limefungwa kwa bolti: unavua bodi, unaweka chesisi mpya, unarudisha. Gereji ya Ndeeba yenye fundi mmoja makini na vijana watatu inaweza kazi hiyo. Utakachokosa ni ratiba. Spea zinakuja kwa mafungu, moja imekosewa namba, nyingine imekwama forodhani, na wakati huo fundi amepokea kazi nyingine. Mwenye biashara inayongoja gari hilo asijaribu.

Kuna wanaochomoa injini ya Landrova na kubandika ya Toyota, na mafundi watakushawishi kwamba ndilo jibu. Gari litatembea. Lakini namba ya injini lazima ilingane na iliyoandikishwa, la sivyo siku ya kuuza au ya ajali utaanza kueleza mambo marefu kwa watu wasio na haraka. Na kama roho yako inataka injini ya Toyota, nunua Toyota.

Kwenye mnada, kumbuka pia kwamba magari huuzwa kama yalivyo. Wengine hununua mbuzi kwenye gunia: namba ya chesisi iliyofutika, kadi isiyoonekana, ekseli iliyochomolewa usiku wa kuamkia mnada. Nenda na fundi siku ya kukagua, siyo siku ya kulipa.

Pembeni kidogo: majirani, na Jimny

Kenya walijaribu njia nyingine kabisa. Mobius walianza kuunda gari jepesi la kazi kwa ajili ya barabara zetu, bila mapambo, wakiwa na nia nzuri sana. Agosti 2024 walitangaza kufunga kampuni, kisha akapatikana mnunuzi wa kuiokoa. Adui wao hakuwa Land Rover wala Ineos. Alikuwa Toyota iliyotumika kutoka Japani, ambayo kwa bei ile ile inampa mteja redio, kiyoyozi na spea kila kona. Sisi tunao Kiira Motors Jinja, lakini wao wameelekeza nguvu kwenye mabasi ya umeme, na wana haki: basi la mjini lina mteja anayejulikana.

Kama humbebi mtu zaidi ya mmoja na mzigo wako ni begi la vifaa, achana na haya yote utazame Suzuki Jimny. Ile ya 2018 ina chesisi ya ngazi na ekseli nzima kama kaka zake wakubwa, injini ya petroli ya lita 1.5, na tangu Januari 2023 ipo ya milango mitano. Kwenye matope uzito mdogo una faida yake: palipommeza Land Cruiser, Jimny anapita akichungulia. Lakini usimpakie magunia.

Kwa nani, ipi

Ushirika wa kahawa unaopanda miteremko ya Rwenzori kuchukua gunia kwa gunia: pikapu ya 79 yenye 1HZ, hata iliyotumika, hata ya kukopa. Hapo sina ubishi. Inabeba kama tani moja, na fundi yuko kila kituo cha biashara mpaka Mpondwe. Ng'ambo ya mpaka, Beni na Butembo, ndilo gari lile lile, na mfanyabiashara anayevuka anajua thamani ya hilo.

Kampuni ya utalii yenye magari mawili au matatu: 78 iliyorefushwa kwa kazi ya kila siku. Kama mnataka gari moja la kumfurahisha mgeni anayelipa zaidi, hapo Grenadier ya petroli inaweza kujitetea, mradi njia zake ziwe Kibale na Queen Elizabeth, siyo Karamoja wakati wa mvua. Ule udongo mweusi hauchagui chapa, unavuta tairi na madigadi pamoja, na gari zito la gharama ukiliacha humo usiku kucha hulali.

Zahanati au hospitali ya mbali: hapa ninasita kidogo, kwa sababu mgonjwa anastahili breki za ABS na mfuko wa hewa. Tafuteni 78 ya miaka ya karibuni yenye vitu hivyo, msikubali ya zamani kwa sababu tu imetolewa bure. Gari la msaada lenye miaka mingi huja na bili zake.

Mtu wa Kampala mwenye hela na mapenzi ya Landrova, mwenye gari jingine la kwenda kazini: iunde upya ile ya zamani, chukua muda wako, furahia. Hakikisha tu una 300Tdi na chesisi iliyolia ulipoigonga. Na mwenye hela zaidi lakini hana muda, Defender mpya haitamwangusha, akikumbuka kwamba ni gari la lami linaloweza matope.

Bei sizitaji kwa shilingi, maana zinabadilika na dola. Kabla ya kulipa amana kokote, omba karatasi moja yenye vitu vinne: mwaka gari lilipotengenezwa, siyo mwaka liliposajiliwa mara ya kwanza, namba ya injini na soko ambalo injini hiyo ilitengenezewa, jumla ya ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 18 na makato mengine mpaka namba ya usajili imefungwa, na jina la gereji ya Uganda, nje ya Kampala, iliyowahi kulifungua gari la aina hiyo. Muuzaji akikujibu vitatu vya kwanza haraka na cha nne akaanza kukuonyesha video, bakisha hela mfukoni uende Nakawa, Kampala, kuangalia 79.